Ukurasa wa Arobaini na Mbili

Cheka tu, nimeshazoea. Kuna mtaa mmoja wa Beni ambako ukimuulizia Mwalimu Kambale watu watakutazama tu, maana nusu ya wanaume wa pale ni akina Kambale, lakini ukisema Mwalimu Pambo watakuonyesha mpaka mahali niliposimama nikiwa mweupe pee kwa unga, na jina hilo sikupewa na adui, nilijipa mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa wino mweusi, ukurasa wa tisa. Ningeendelea kunyamaza, ila mke wangu Kavira anausimulia mkasa huu kwenye kila arusi na kila matanga, tena anaruka sehemu zote ambazo nilionyesha akili (zipo mbili), kwa hiyo bora mnisikie mimi mwenye aibu yangu.

Kwanza mjue kwamba mimi ni mtu wa kuanza. Kuanza nakujua sana. Nyumba yetu pale Butembo ilikuwa na kuta tatu za matofali ya kuchoma na ukuta wa nne wa miti na udongo (na huo wa nne ndio uliotazama barabara), masomo yangu ya Kisangani niliyaacha mwaka wa pili vita ilipofunga njia, na sweta niliyoanza kumfumia mtoto wetu Muhindo iliishia kuwa kofia. Kavira alikuwa akiniambia, "Papa Muhindo, siku utamaliza kitu moya tu, nitapiga kengele ya kanisa miye mwenyewe." Alisema kwa kucheka, lakini iliniuma.

Basi, miaka ile ya vita, wakati Kinshasa ilikuwa mahali tunapopasikia redioni tu na sisi tuko chini ya waasi waliokuwa wanagawanyika wao kwa wao, akina mama wa umoja mmoja wa Beni walipata mashine ya kusagia, moulin yenye moteri ya mazutu, yaani dizeli, kupitia parokia yao. Wengi wao walikuwa wajane na wakimbizi waliokuja mjini na watoto na jembe basi, na walikuwa wanaishi kwa kubebea watu mizigo sokoni. Abbé wa parokia aliwapenda, lakini alikuwa na wasiwasi, kwa sababu fundi mmoja wa mtaa, mekanisien Kakule, alimwambia kwamba wanawake wataiua moteri ndani ya juma moja, afadhali apewe yeye aiendeshe na mama hao awape kazi ya kufagia. Abbé akakata shauri: siku ya uzinduzi, mama mmoja ataiendesha mashine mbele ya watu wote kwa kusoma kitabu tu, bila mkono wa fundi kuigusa. Akiweza, mashine ni ya akina mama. Akishindwa, Kakule ataishika.

Shida ni kwamba kitabu hakikuwepo. Mashine ilikuja na kijitabu cha lugha ngeni ambacho hata Abbé, mwenye lugha tano, alikigeuza juu chini asione tofauti. Ndipo akanikumbuka mimi, mwalimu wa Butembo aliyesoma naye darasa moja, mwenye mwandiko mzuri, na zaidi ya yote mwenye baba mdogo huko Kipese anayemiliki mashine ya aina ile ile.

Likizo nzima nilikaa Kipese kwa baba mdogo Paluku, nikiwa na daftari, rula na penseli mbili. Mtu hajawahi kuichunguza mashine vile. Nilihesabu skurubu. Nilipima ukanda wa kuzungushia kwa kamba. Kila asubuhi baba mdogo alimimina chupa zake tatu za mazutu (mazutu ilitoka Uganda, ikapita Kasindi, Beni na Butembo, na kufika kule milimani ilikuwa inauzwa kwa chupa kama dawa ya kikohozi), anazungusha chuma, moteri inaitika, watu wanasaga ngano na mahindi, halafu inakohoa mara mbili na kulala, na wote wanasema "Imelala!" na kubeba unga wao. Mimi naandika. Nilichora mchoro wenye vipande ishirini na kimoja, kila kipande na namba yake na jina lake, hata kile ambacho baba mdogo mwenyewe hakujua kinaitwaje. Nilijiona daktari.

Niliporudi Butembo nikachapa kurasa zote kwa mashine ya kuandikia ya parokia yetu, herufi ya m ikiruka juu ya mstari kila mara kama panzi, stensili juu ya stensili, na siku ya Ijumaa saa tano asubuhi nikafika chini ya ukurasa wa arobaini na moja na kuandika, kwa herufi kubwa, MWISHO.

Jamani. Sijui niwaelezeje. Nimeoa, nimepata mtoto, nimeona watu wakirudi salama kutoka porini, na furaha hizo zote nazijua, lakini hii ilikuwa ya aina yake, ilianzia kwenye nyayo. Nilitoka nje mvua ikinyesha nikasimama tu. Nikamwamkia mtu nisiyemjua. Nikaenda nyumbani nikacheza ngoma jikoni peke yangu na Kavira akanikuta, akasoma ukurasa wa mwisho, akausoma tena, halafu akachukua sufuria na mwiko akapiga kengele yake hapo hapo mpaka majirani wakaja kuuliza nani amezaa. Nikanunulia watu kasiksi, pombe yetu ya ndizi, nikawasomea yaliyomo, sura zote kumi na moja, na mzee mmoja akalala kwenye sura ya nne lakini mimi sikujali.

Ningeishia hapo, leo ningekuwa mtu wa heshima. Ila jioni ile nilirudi parokiani kuchapa jalada, na chini ya jina la kitabu palikuwa na nafasi tupu, kama vidole vinne hivi, na mimi kichwani nina kasiksi na furaha, nikaona haya kuiacha tupu. Nikachapa: KILA JAMBO LA MASHINE HII LIMO HUMU. LISILOANDIKWA HUMU, USILIFANYE. Nikaisoma kwa sauti. Ikanipendeza sana. Nikatoa nakala ishirini, na moja ya kumwachia Kavira, nikazifunga kwa makatoni ya sabuni.

Kesho yake nikapanda lori la Hadji Salumu, msafirishaji wa Beni, mtu mkarimu mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, ambaye duka lake linatazamana na kibanda cha ile mashine. Yeye alikuwa amewaletea akina mama zawadi kutoka Kasindi, pipa zima la mazutu, na kwa kuwa nafasi ilikuwa ndogo nililikalia pipa hilo njia nzima, nikiimba. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari akanyakua kitabu kimoja na kuuliza ni cha nini, na mimi, badala ya kuogopa kama watu wote, nikafurahi kuulizwa, nikaanza kumweleza. Nilimweleza ukanda, nikamweleza chujio, nikafika kwenye maji ya kupooza moteri, na abiria nyuma wananivuta koti, mpaka askari akanirudishia kitabu kwa mikono miwili na kusema, "Papa, kende! Kende na yo!" Hadji alicheka mpaka akazima gari. Alisema tangu vita ianze hajaona askari akimsihi mtu aende zake.

Jumapili baada ya misa watu walijaa. Kwaya ilikuwepo, wakubwa wa mtaa walikuwepo, Kakule alikuwepo, amevaa kombinezo lake la kazi la buluu lililopigwa pasi, ameketi mstari wa mbele mikono imekunjwa. Mwenyekiti wa akina mama, Mama Masika, ndiye aliyechaguliwa kuendesha. Alikuwa mjane wa makamo, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, na kusoma alijifunzia kwenye mafundisho ya kanisa, kwa hiyo alisoma kwa kidole na kwa sauti, kila neno analipa haki yake. Kabla ya kuanza alinivuta kando.

"Mwalimu, miye niko natetemeka," akaniambia. "Hii moulin ikituponyoka, tutarudilia kubeba mizigo ya batu. Na mugongo yangu haiwezi tena."

"Mama, hapana ogopa," nikamjibu, tena kwa sauti ili wote wasikie. "Fuata kitabu. Yote iko ndani."

Halafu nikasimama mbele ya watu nikatoa hotuba, nikaweka mikono yangu nyuma, nikatangaza kwamba sitagusa kitu wala kusema neno, kwa sababu kitabu kinajitosheleza. Nikawasomea lile neno la jalada. Nikawasomesha wote kwa pamoja, mara tatu, kama darasa la pili. "Lisiloandikwa humu, usilifanye!" Umati uliitika vizuri sana. Nilifundisha vizuri mno siku ile, hilo ndilo tatizo.

Hadji Salumu akaja na bidoni zake, madumu yaliyojaa mazutu. Baba mdogo angemimina chupa tatu, lakini Hadji alikuwa na pipa na moyo mkubwa. "Leo hapana mambo ya chupa!" akapaza sauti. "Leo tunajaza mpaka juu!" Na akajaza mpaka ikamwagika, watu wakapiga makofi, nami nikapiga pia.

Mama Masika akafungua kitabu. "Ukurasa ya tatu. 'Angalia maji.' Maji iko. 'Angalia mafuta ya moteri.' Iko. Ukurasa ya ine. 'Funga kilemba na kitenge vizuri, usivae kitu kinachoning'inia.'" Akafunga kilemba. Kakule alianza kutabasamu. Mama akaendelea, kidole kinatembea, ukurasa wa sita, wa saba, wa nane, akashika chuma cha kuzungushia, akakizungusha mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, na moteri ikasema du, ikafikiri kidogo, ikasema du-du, halafu du-du-du-du-du, moshi ukapanda juu ya paa na kwaya ikaanza kuimba bila kuambiwa.

Nililia, sifichi. Nilimkumbatia Abbé, nikamkumbatia Hadji, nusura nimkumbatie Kakule. Mama aliyekuwa hajawahi kugusa moteri maishani mwake ameiwasha kwa maneno yangu! Mahindi yakamiminwa, unga ukatoka, mwororo kama poda, mama wakaupaka nyusoni mwao na usoni mwangu. "Wasingya, Mwalimu! Wasingya!" wananishukuru kwa Kinande, na mimi nainama na kuinama. Hiyo ndiyo ilikuwa dakika ya kufa kama ningekuwa na bahati.

Gunia la kwanza likaisha. Abbé alikuwa anataka kubariki, mkubwa wa mtaa alikuwa na hotuba mfukoni, chakula kilikuwa kinapoa, na kwa kelele zile mtu hasikii hata kikohozi chake. Abbé akamfanyia Mama Masika ishara ya mkono kwamba sasa azime.

Mama Masika akalamba kidole, akafungua kitabu. Akatazama yaliyomo. Akafungua nyuma. Akafungua katikati. Mimi nilikuwa bado natabasamu, mikono nyuma. Akanigeukia na kupiga kelele juu ya moteri:

"Mwalimu! Kuzimisha iko page ya ngapi?"

Ndugu zangu! Nikapita kurasa zote kichwani, kuwasha, kulisha, kusafisha, kukaza ukanda, kubadilisha chujio, kuilinda na panya, na kuzima hakumo. Na si kwamba nilisahau kuandika. Mimi sijawahi kuona moteri ikizimwa! Kule Kipese ililala yenyewe kila siku mazutu ilipoisha, na haikunijia hata mara moja kwamba kunaweza kuwa na namna nyingine. Nikalikumbuka lile pipa nililolikalia nikiimba.

Mtu mwenye akili angesema ukweli. Mimi nikasema, "Iko page ya makumi ine na mbili!"

Kumbe kila mama ana nakala. Kurasa zikaanza kupepea uwanja mzima. "Kitabu ya miye inaishia makumi ine na moya!" mama mmoja akalalamika. "Na ya miye pia!" Nakala zote ishirini zikaletwa mbele, zikakaguliwa moja moja, na huku mashine inazunguka. Abbé akaniuliza kwa macho. Nikasema itakuwa ilianguka wakati wa kufunga, labda imebaki Butembo mezani. Nikajaribu kutabasamu.

Hapo Kakule akainuka taratibu, akalinyoosha kombinezo lake. "Mama Masika, niizimishe? Ni kidole moya tu." Na akanyoosha kidole hicho ili wote wakione.

Mama Masika alimtazama, akamtazama Abbé. Wote tulijua kidole hicho maana yake nini. Kikigusa tu, mashine imekwenda, na mama hawa kesho wako sokoni na mizigo ya watu mgongoni. Akajisimamisha katikati ya Kakule na moteri, kitabu kifuani. "Hapana gusa! Haikuandikwa!" Na akina mama wote nyuma yake, "Haikuandikwa!" Mimi nikaona nafasi yangu, nikazunguka upande wa pili taratibu ili nijaribu kugusa gusa chochote labda itazimika, na mama mmoja mkubwa akanichapa mkono kwa kitabu changu mwenyewe. "Haikuandikwa, Mwalimu!"

Ndipo Hadji Salumu, kwa wema wake (huyu mtu wema wake utaniua), akaja mbio. "Mwalimu, hapana shida! Phonie yangu iko pale dukani. Tunaita Butembo sasa hivi, bibi yako anatusomea ile page. Ni kitu ya dakika mbili!"

Nilisema Kavira atakuwa hayupo. Nilisema Jumapili phonie haisikiki vizuri. Nilisema pia kwamba naumwa tumbo, na hiyo ilikuwa kweli. Lakini Hadji alikuwa ameshakaa kwenye baraza la duka lake, mbele ya ile redio ya kusemea ambayo wakati ule ndiyo ilikuwa simu yetu (mmoja akimaliza kusema anaachia "à vous", yaani zamu yako), anaita Butembo, na ili ashinde kelele za moteri akageuza sauti mpaka mwisho. Sisi tunakaa karibu na phonie ya Butembo, karibu mno. Haikupita robo saa, sauti ya mke wangu ikaijaza barabara.

"Butembo hapa. Page gani? À vous."

"Page ya makumi ine na mbili, Mama Muhindo!" Hadji akamjibu. "Ya kuzimisha moteri! À vous!"

Nikasikia karatasi. Tuliisikia sote, Beni nzima.

"Hakuna page kama ile. Ya mwisho ni makumi ine na moya, aliandika MWISHO mwenyewe na akacheza ngoma mu jikoni. À vous."

Hadji akanitazama kwa huruma, akauliza kama labda mume wake aliwahi kumwambia namna ya kuzimisha.

"Papa Muhindo? Ule hapana jua kuzimisha kitu! Hata redio ya hapa nyumbani anaiachaka inaimba mpaka betri, pile zote, zinaisha. À vous."

Na kabla Hadji hajajibu, sauti nyingine ya mwanaume nisiyemjua ikaingia katikati: "Hapa Kasindi, tunawasikia muzuri sana. Mama, rudilia pale pa redio."

Sijui kama mmewahi kusikia umati mzima ukicheka juu ya moteri. Kwaya walikaa chini. Abbé alijifunika uso kwa kitambaa na mabega yake yakawa yanaruka. Mimi nilianza kurudi kinyumenyume kuelekea kwenye lori, na ningefika, ila Mama Masika hakuwa amecheka. Alikuwa amesimama pale pale, kidole juu ya karatasi, anasoma, midomo inatembea. Akainua mkono.

"Ukurasa ya kumi na saba!" akapiga kelele. "'Mashine isizunguke tupu hata dakika moja. Ikizunguka tupu itajila yenyewe.' Kitabu haiseme tuzime. Kitabu inasema tulishe. Basi tulishe!"

Nikamwangalia na nikataka kumpigia magoti. Akina mama wakatawanyika mtaani wakipiga kelele nyumba kwa nyumba, leteni mahindi, leteni muhogo, leo ni bure, leteni haraka! Na watu wakaleta. Mwanzoni mabeseni mawili matatu, halafu mstari ukafika barabarani, halafu ukapinda kona. Katika vita ile, ambapo watu walihesabu hata punje, kulikuwa na mashine inasaga bure na haitaki kunyamaza! Mimi nilipewa kazi ya kunyanyua magunia. Kila niliyembebea aliniuliza kuhusu redio yangu. Kufika saa nane nilikuwa mweupe kuanzia nywele mpaka viatu, koti langu la hotuba linaweza kupikwa uji, na, ajabu yenyewe, nilikuwa nacheka na mimi. Siwezi kuwadanganya, ilikuwa siku tamu.

Saa tisa mstari ukaisha. Hakuna beseni, hakuna gunia, mtaa mzima umesagwa. Mama Masika akachungulia ndani ya mdomo wa mashine, punje zinateremka, zinabaki kama mikono miwili. Kakule akainuka kwa mara ya pili na kidole chake. Hakuna aliyecheka sasa. Mama Masika akashika kitabu kwa nguvu mpaka katoni likapinda, na mimi nikajiona nimemvunja mgongo kwa mkono wangu.

Kwenye kona akatokea mwanamke ana kikapu cha muhogo mkavu kichwani na kingine mkononi, anahema, na nyuma yake wanawake wengine sita kutoka mtaa wa chini, wote wamebeba. "Mungali munasaga?" akauliza. "Niko nakimbia tangu kule!"

Kakule alikaa chini polepole. Mwanamke yule alikuwa mke wake.

Muhogo ule ulitufikisha karibu saa kumi na moja. Moteri ikakohoa mara moja. Ikakohoa mara ya pili. Nikaitambua, nikapiga kelele kwa furaha, "Imelala!" na kweli ikalala, na kimya kilichoshuka pale Beni kilikuwa kizito hata tukasikia kuku. Halafu Abbé, kanzu yake nyeupe ikiwa nyeupe zaidi, akapanda juu ya benchi na kusema kwa sauti iliyokauka:

"Nilisema, kwa kitabu tu, bila mukono ya fundi. Moteri imewaka na kitabu. Imesaga na kitabu. Imezimika yenyewe. Miye sikuona mukono ya fundi. Moulin ni ya bamama."

Vigelegele vile sitaweza kuviandika. Mama Masika hakupiga. Aliketi juu ya gunia, akavua miwani yake, akaipangusa unga, akaivaa tena, akaipangusa tena, ndipo nikaona kwamba si unga uliokuwa unamsumbua.

Na Kakule? Kakule naye ni mtu, alikula nasi fufu ya unga ule ule, na alipokwisha kushiba akaomba nakala moja. Akafungua ukurasa wa tisa, kwenye mchoro wangu. Akautazama sana. Akatoka na kitabu mpaka kwenye moteri, akamwita Mama Masika, akamwonyesha kwa mbali, bila kugusa, mkono mdogo mweusi wa chuma ubavuni mwa moteri. "Kuzimisha ni hapa, Mama. Unashusha hii, inalala. Iko mu kitabu, angalia. Namba kumi na ine." Halafu akasoma kwa sauti, kwa furaha ambayo sitamnyima, jina nililoipa namba kumi na nne baada ya baba mdogo Paluku kuniambia kwamba hajui kazi yake, ilikuja nayo tu.

"Pambo."

Basi, ndiyo hivyo. Tangu siku hiyo nimeandika vitabu vingine viwili, kimoja cha pampu ya maji na kimoja cha mzinga wa nyuki, na sijathubutu kuandika MWISHO kwenye chochote, naandika "Tuishie hapa kwanza," na chini yake naacha ukurasa mtupu kwa atakayejua zaidi yangu. Na jalada siligusi nikiwa nimekunywa. Ukurasa wa arobaini na mbili tuliuandika na Mama Masika jioni ile ile, yeye anasema, mimi naandika, mistari miwili. Nilipompelekea baba mdogo ukurasa huo huko Kipese aliusoma akanirudishia. "Nani atazimisha moteri yenyi mazutu?" aliniuliza.

Ila miezi mingi baadaye mtu wa phonie alinifuata mpaka shuleni Butembo, ana karatasi mkononi, ujumbe kutoka Beni kwa Mwalimu Pambo. Aliniandikia kama alivyousikia: "Moteri imelala. Tumeizimisha siye benyewe, tukaenda misa. Mazutu inabakia ndani." Niliusoma mbele ya darasa, nikashindwa kuendelea na hesabu. Jioni nikafika nyumbani, redio inaimba, nikaizima, pile bado nzima, na Kavira akaniuliza kama naumwa.